Usingizi Ukishamruka Mtoto: Namna ya Kumtuliza Hadi Alale

Binti yangu alikuwa na wiki 11 usiku ule aliolia kuanzia saa mbili hadi karibu saa nne. Mama yake alikuwa zamu ya usiku, maziwa aliyokamua yalikuwa kwenye friji, na mimi nilikuwa peke yangu naye. Nilimpakata, nikamrukisharukisha, nikawasha taa nimchekeshe, nikatikisa kayamba lake, nikamtoa sebuleni, nikamrudisha chumbani. Kila nilichoongeza kilizidisha kilio. Mwishowe nikazima taa, nikaketi ukingoni mwa kitanda nikiwa nimemweka kifuani, nikawa navuta pumzi polepole tu. Baada ya kitambo nikahisi vidole vyake, vilivyokuwa vimekunjwa ngumi, vinafunguka kimoja kimoja.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza afanye nini na mtoto aliyechoka kupita kiasi, namjibu neno moja kwanza: punguza.

Wengi tunadhani mtoto akicheleweshwa kulala ndipo atalala usingizi wa pono. Kwa mtu mzima aliyefanya kazi ya sulubu kutwa, sawa. Mtoto mchanga akipitiliza muda wake, mwili wake hupandisha homoni za kumweka macho, zikiwemo kotisoli na adrenalini. Moyo unakwenda mbio, misuli inakakamaa, na ule usingizi uliokuwa mlangoni unaruka. Ndiyo maana unaweza kumwona amechangamka ghafla, anarusha miguu na macho yamemtoka, ukasema bado hana usingizi. Dakika 10 baadaye anajikunja mgongo kama upinde na kulia kilio kisichoshikika.

Kabla ya kuamua kuwa ni uchovu, pitia mengine upesi: nepi, njaa, gesi, joto. Mguse shingo kwa nyuma. Ikiwa ina jasho, mvue nguo moja. Mcheulishe hata kama ulishamcheulisha. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa umri wowote anayekataa kunyonya, aliyelegea, anayepumua kwa shida, au analia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwake. Hapo usimbembeleze, nenda.

Kama ni uchovu tu, anza na chumba. Funga mapazia, zima taa na televisheni, weka simu mbali na macho yake. Waombe wenzako wa nyumbani wasiingie mmoja mmoja kuja kujaribu bahati yao. Hili ni gumu kusema, hasa kwa wakubwa wanaotaka kusaidia, lakini kila sura mpya na kila mkono mpya ni jambo jingine la kushughulisha akili yake. Abaki naye mtu mmoja.

Kisha mkusanye. Mchanga ana mshtuko wa asili unaomfanya atupe mikono ghafla, na akiwa amechoka huo mshtuko humwamsha tena na tena. Kama bado hajaanza kujigeuza, unaweza kumfunga kwa shuka jepesi: mikono itulie kifuani, nyonga na miguu vibaki na nafasi ya kujikunja. Siku atakayoonyesha dalili ya kujigeuza, acha kabisa kumfunga. Binti yangu alichukia kufungwa, kwa hiyo nilikuwa nambana tu kifuani kwangu, mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni.

Sauti nayo ichague moja. Mimi hutoa “shhh” ndefu karibu na sikio lake, kwa nguvu kidogo wakati analia, kisha naishusha kadiri naye anavyoshuka. Feni inayovuma mbali naye hufanya kazi hiyohiyo. Ukipenda kuimba, imba wimbo mmoja uleule, taratibu. Kubadilisha kila dakika mbili ndilo kosa nililolifanya mimi: mtoto hakuwahi kupata nafasi ya kuzoea chochote.

Sasa tembea naye. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN huko Japani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 21 na mama zao. Kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye kwa dakika 5 kuliwatuliza, na baadhi walilala kabisa. Kukaa tu naye mikononi hakukuleta matokeo hayo. Tembea mwendo wa kawaida, ulionyooka, bila kusimama na kugeuka ghafla, na usimrushe. Dakika 5 ni ndefu mtoto anapolia sikioni mwako, basi tazama saa. Bila saa utaacha dakika ya pili ukidhani umefika ya kumi.

Macho yakishafumba ndipo wengi tunapoharibu, maana tunakimbilia kumlaza. Watafiti haohao waliona kwamba walioamka wakati wa kulazwa ni wale ambao usingizi ulikuwa bado mbichi, na kinachowashtua ni ile dakika ya kubanduliwa kutoka kwenye mwili wa mzazi, hata kabla hawajagusa godoro. Shauri lao ni kuketi na mtoto aliyelala kwa dakika 5 hadi 8 kwanza. Mimi hutumia kipimo cha mkono: nauinua taratibu na kuuachia. Ukianguka kama kitambaa kilicholowa, yuko tayari. Ukikaza au vidole vikinishika, nabaki pale nilipo.

Wakati wa kumlaza, inama naye. Kifua chako kisiachane na chake mpaka makalio yake yameshagusa godoro, kisha mgongo, na kichwa mwisho. Acha kiganja chako kifuani kwake kwa dakika nzima, halafu kiondoe kidole baada ya kidole. Akigutuka, mguse na urudishe ile “shhh” kabla ya kumnyanyua, kwa sababu mara nyingi anatikisika tu akiwa usingizini.

Mlaze chali kila mara, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto, bila blanketi zito, bila mwanasesere. Na wewe mwenyewe ukihisi kope zinakuwa nzito ukiwa kwenye kochi na mtoto kifuani, inuka. Kusinzia naye kwenye kochi ni hatari kubwa, anaweza kubanwa akakosa hewa. Usimpe dawa ya mafua wala ya maumivu ili alale, hata kama mtu unayemheshimu amekuambia wa kwake hakudhurika.

Kuna usiku ambao yote haya hayatoshi. Ukiona meno yako yamekaza na mikono inataka kumshika kwa nguvu, mlaze chali kitandani kwake, funga mlango, toka nje kwa dakika 5 au 10. Kulia kwa muda huo akiwa mahali salama hakutamdhuru. Kutikiswa kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo na kumuua. Niliwahi kutoka hivyo nikasimama jikoni nikanawa uso kwa maji baridi, na nilirudi nikiwa baba mwingine.

Kesho yake, muwahi. Katika wiki za kwanza mtoto huweza kukaa macho kama dakika 45 hadi 60 tu, kunyonya kukiwemo. Akifika miezi 3 au 4 ni kama saa moja na nusu hadi mbili, na miezi 6 ni kati ya saa mbili na tatu. Hizi si amri, watoto hupishana, hivyo mtazame usoni: anageuza kichwa asikutazame, nyusi zinakuwa nyekundu, anakodolea ukuta, anavuta sikio. Miayo na kufikicha macho huja baadaye kidogo, na kilio ndicho cha mwisho. Binti yangu alikuwa akikodolea pazia. Nilipojifunza kuinuka naye dakika ileile, bila kungoja miayo, jioni nyingi alilala ndani ya robo saa.

Na akiwa ameshaharibikiwa na usingizi wa mchana, usimcheleweshe usiku ukitumaini atafidia. Mlaze mapema kuliko jana, hata kwa nusu saa. Kwetu iliwachukua baba na binti siku tatu kurudi kwenye mstari. Usiku wa nne mama yake alitoka kazini alfajiri akatukuta sote tumelala, kila mmoja kitandani kwake.