Mwili mzima unauma, vipimo ni safi: namna ya kuitambua na kuituliza fibromayalgia

Anayeinama kutwa kugeuza dagaa sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, mgongo utamuuma, lakini akipumzika unaachia. Fibromayalgia haiachii. Maumivu hutambaa juu na chini, kushoto na kulia, kwa miezi 3 au zaidi, na mtu huamka hoi kana kwamba hakulala. Mishipa ya fahamu imekuwa myepesi kupita kiasi: mguso mdogo ubongo huusoma kama jeraha. Eksirei haitaonyesha kitu, na maumivu ni ya kweli. Asikwambie mtu kwamba unajifanya.

Kabla ya kwenda kwa daktari, jihesabie kwenye karatasi. Kuna sehemu 19: shingo, kifua, tumbo, mgongo wa juu, mgongo wa chini, halafu kila upande taya, bega, mkono juu ya kiwiko, mkono chini ya kiwiko, nyonga, paja na mguu chini ya goti. Kila iliyouma ndani ya siku 7 ina alama 1. Pembeni andika dalili: uchovu, kuamka bila nguvu, na usahaulifu, kila moja alama 0 hadi 3 kulingana na ukali wake, kisha 1 kwa kuumwa kichwa, 1 kwa tumbo la chini kusokota na 1 kwa sonona, ikiwa vilikupata ndani ya miezi 6. Sehemu 7 au zaidi pamoja na alama 5 au zaidi za dalili, au sehemu 4 hadi 6 pamoja na alama 9 au zaidi za dalili, zinaelekeza kwenye fibromayalgia. Maumivu ya upande mmoja tu hayahesabiki, hata yawe makali namna gani.

Hakuna kipimo cha damu kinachoithibitisha. Picha kamili ya damu, ESR (kipimo cha uvimbe mwilini), TSH (homoni ya kupima tezi ya shingo) na VVU hupimwa ili kuondoa magonjwa mengine. Wengi hupotelea kwenye Widal, kipimo cha taifodi: huweza kusoma chanya kwa mtu asiye na taifodi, naye akamaliza dozi ya tatu ya antibayotiki bila nafuu. Viungo vikivimba, homa ikiendelea, ukikonda, miguu ikilegea au haja ndogo ikizuilika, usingoje. Nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Sindano za diklofenaki hazisaidii hapa, na zikizoeleka huumiza tumbo na figo. Daktari huanza na amitriptilini miligramu 10, kama masaa mawili kabla ya kulala, akipandisha taratibu hadi 25 au 50. Kinywa kitakauka na choo kitakuwa kigumu. Mwenye glakoma (presha ya macho) au ugonjwa wa moyo aseme mapema.

Tiba yenye ushahidi mzito kuliko zote ni mazoezi, nayo huharibika kwa pupa. Anza dakika 5 za kutembea asubuhi, mahali tambarare, si kupanda mawe ya Mabatini. Ongeza dakika 1 au 2 kila wiki mpaka ufike 30, angalau mara 3 kwa wiki. Siku ya nafuu usifue nguo za wiki nzima. Kesho yake utalala kitandani, na wengi huacha hapo. Maji ya vuguvugu hulegeza misuli, ila usiyatafute ufukweni mwa ziwa, kuna kichocho.

Baada ya wiki 6 hesabu tena zile sehemu 19. Zisipopungua, rudi kwa daktari na karatasi zote mbili. Kuna dawa nyingine, duloksetini na pregabalini, za kujadili.