Namna ya kukusanya kumbukumbu za mchezaji wa zamani wakati wazee waliomuona bado wapo

Kila ikifika Julai 19 kwenye simu yangu inaanza kupita picha ile ile ya Abdallah Kibadeni, mchezaji wa zamani wa Simba tuliyemuita King, chini wameandika Simba 6 Yanga 0, mwaka 1977, King katupia tatu peke yake, alafu basi inaishia hapo mpaka mwaka mwingine. Mimi inaniuma kwakweli. Huku Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, mechi ile watu waliiona kwa macho pale uwanjani au waliisikiliza RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ya mbao, kwahiyo hamna cha kurudisha nyuma ukaangalia. Kilichobaki ni magazeti, picha chache, na vichwa vya watu. Na kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile kazaliwa 1957, piga hesabu mwenyewe saivi ana umri gani.

Kwahiyo naandika hapa jinsi mimi ninavyofanya, nimeanza na mjomba wangu alafu nikaendelea na wazee wa mtaani, na wewe unaweza kufanya kwa mchezaji yeyote unayempenda, awe wa Simba, Yanga, Pan African, Coastal Union au timu ya mkoa wenu ambayo hata haipo tena. Wala sio lazima awe ametangulia mbele za haki, tena ukifanya akiwa hai ndio vizuri zaidi.

Cha kwanza kabisa chagua mchezaji mmoja na siku moja. Ukienda kwa mzee ukamwambia "nisimulie mpira wa zamani" utapata hotuba, mpira wa zamani ulikuwa mpira, siku hizi hamna kitu, mnacheza nywele tu, na mtamaliza chai hujapata hata sentensi moja ya maana. Mimi nilichagua Kibadeni na zile sita. Kabla ya kwenda nikajiandaa, nikaandika kwenye karatasi mfuatano wa mabao: Kibadeni dakika ya 10, Selemani Sanga wa Yanga akajifunga dakika ya 20, Kibadeni tena 42, Jumanne Hassan Masimenti 60 na 73, alafu Kibadeni anafunga kazi dakika ya 89. Hiyo karatasi ni yako wewe, usimsomee mzee, ukimsomea atakuwa anaitikia tu "ndiyo, ndiyo hivyo hivyo" na hapo umeshaharibu kila kitu.

Angalia na kalenda ya mwaka huo. Julai 19, 1977 ilikuwa Jumanne, maana yake magazeti ya kutafuta ni ya Jumatano tarehe 20 na Alhamisi yake, Uhuru na Daily News. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar au maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani kwenye kitengo cha East Africana, ulizia utaratibu wao wa magazeti ya zamani, beba penseli na daftari na uwe na subira. Kingine, kama mechi yako ni ya kabla ya 1971 usitafute neno Simba, hutaliona, tafuta Sunderland, ndilo jina lao la zamani. Zile tano za Yanga za Juni 1, 1968 alifungwa Sunderland. Na majina yanaandikwa kila gazeti kivyake, Kibaden, Kibadeni, kwahiyo soma habari yenyewe usiishie kwenye kichwa cha habari.

Sasa tuje kwenye maswali, na hapa ndio nataka unielewe kuliko sehemu nyingine yote.

Mjomba wangu ni Yanga, Yanga yule wa damu kabisa. Nilimkuta barazani jioni, kahawa yake na kashata pembeni, shikamoo mjomba, marahaba, tukaongea ya nyumbani kwanza, alafu nikamuuliza Kibadeni alikuwaje. Akanijibu "alikuwa hatari yule" akanyamaza. Nikauliza tena, alikuwa na uwezo gani hasa, akasema "we acha tu". Dakika kumi nzima nilikuwa nimepata maneno sita. Ndio nikabadilisha, nikamuuliza mjomba siku ile ulivaa nini. Akacheka kwanza, akaweka kikombe chini, akasema bugaluu ya kahawia, ile suruali pana chini, na raizoni, vile viatu vya kisigino kirefu, alafu hakunyamaza tena mpaka adhana ya isha. Akaniambia walikaa upande gani, jua lilikuwa linawapiga usoni, nani alikuwa na machungwa, jamaa yake mtu wa Simba alikuwa amekaa naye hapo hapo bega kwa bega maana walienda pamoja. Akasema bao la tano lilipoingia alinyanyuka bila kuaga mtu akatoka nje, akawa anatembea peke yake kuelekea Keko, njia nyeupe hamna watu, alafu akiwa kule akasikia uwanja umelipuka nyuma yake. Nikamuuliza ulijuaje kama sio Yanga wamepata. Akaniangalia akasema "kelele za watu wako unazijua, zile hazikuwa zetu."

Mimi nikachungulia karatasi yangu. La tano ni dakika ya 73, la sita ni 89. Kwahiyo yule mtu alikuwa ametembea kama robo saa hivi, na ile kelele aliyoisikia ndio bao la tatu la Kibadeni, hakuliona kabisa lakini analo kichwani mpaka leo. Unaona sasa? Hiyo huwezi kuipata kwenye gazeti lolote lile. Na singeipata kama ningeendelea kuuliza alikuwaje.

Kwahiyo uliza mwili ulikuwa wapi. Ulikaa upande gani, ulikwenda na nani, mlipita njia ipi, mlikula nini, ulirudi saa ngapi, nyumbani walikuambia nini. Mchezaji atakuja mwenyewe ndani ya hayo maelezo, huna haja ya kumvuta. Kama alisikiliza redioni muulize redio ilikuwa ya nani na ilikaa wapi, mlikuwa wangapi, nani aliizima. Alafu ukikaa kimya kidogo usiogope, mzee akinyamaza usimjazie maneno, mara nyingi kile kinachokuja baada ya ule ukimya ndio chenyewe.

Tarehe usimuulize. Wazee wengi hawakumbuki tarehe ila wanakumbuka kilichokuwa kinaendelea, sasa muulize ilikuwa kabla ya vita ya Kagera au baada, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika, CCM ilikuwa imeshazaliwa, mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa au bado. Mjomba aliniambia Sabasaba ilikuwa imepita juzijuzi tu, na hapo alikuwa sawa kabisa. Ila akasema ilikuwa Jumapili, na sio kweli, ilikuwa Jumanne. Sikumkatisha. Ukimkatisha mzee kwa kitu kidogo kama hicho anaanza kuogopa kukosea, anakuwa anajibu kama yupo mahakamani. We andika alichosema yeye, pembeni andika kalenda inavyosema, yote mawili yakae.

Na majina ya sehemu uwe makini, mzee akisema Uwanja wa Taifa kwa miaka hiyo anamaanisha huu tunaouita Uhuru, Shamba la Bibi, sio ule mkubwa wa Mkapa ambao ulifunguliwa 2007. Nimeshaona mtu anaandika eti Kibadeni alifunga hat-triki kwa Mkapa, jamani.

Upande wa pili pia uende. Hii watu wengi hawafanyi, mtu wa Simba anakusanya kwa wana Simba tu. Mimi naamini mshabiki wa timu iliyofungwa anakumbuka vizuri zaidi, kwasababu yeye mechi haikuisha siku ile. Ukikaa na wazee wa Yanga watakuambia kitu ambacho wa Simba hawakitaji, kwamba klabu yao ilitoka kwenye mgogoro mkubwa wa 1976 na wachezaji wazuri kina Tenga na Pondamali wakaenda kuanzisha Pan African, so ile Yanga ya 1977 ilikuwa ndio inajijenga upya. Hilo halipunguzi mabao ya King hata moja, ila ukilijua unaielewa ile siku. Na jiandae, watakukumbusha zile tano za 1968, Maulid Dilunga mbili, Salehe Zimbwe mbili, Kitwana Manara moja, waache waseme, rekodi na hiyo pia, ni mali.

Majina ya utani yakusanye yote na uulize yalitoka wapi. Masimenti wa Jumanne Hassan, Computer wa Sunday Manara, Mensah wa Pondamali, King wa Kibadeni. Mara nyingi utapata hadithi tatu tofauti za jina moja, weka zote tatu na uandike nani kasema.

Mambo ya simu ni machache ila usiyapuuze. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, sio unabonyeza kimyakimya. Weka simu kwenye flaiti mode ili isiite katikati, iweke juu ya kitambaa karibu na mzee, mbali na feni na mbali na redio ya jirani. Mwanzoni sema tarehe, mko wapi na unaongea na nani. Ukifika nyumbani siku hiyo hiyo tuma faili sehemu mbili tofauti. Mimi mazungumzo ya mzee mmoja wa Magomeni nilikuwa nayo kwenye simu tu, simu ikaibiwa kwenye daladala, niliporudi kwake miezi minne baadae nilikuta wameshamaliza arobaini. Sitaki ikukute.

Picha piga hapo hapo kwake, usiondoke nazo hata akikupa, na geuza nyuma upige pia maana ndio kuna maandishi. Muombe akutajie watu kuanzia kushoto kwenda kulia huku unarekodi.

Kama mchezaji mwenyewe yupo, nenda kupitia ndugu zake, mtangulize mtu, mkiwa wawili inatosha, msiende kundi la watu kumi na kamera. Pelekeni chochote, sukari, mchele, hata matunda. Na nawaomba sana kitu kimoja, kuna tabia ya kumpiga mzee picha akiwa mgonjwa au nyumba yake ikiwa imechoka alafu mtu anaandika "tazama gwiji alivyotelekezwa", wanakusanya huruma siku mbili wanasahau. Kama ana shida msaidieni kimya kimya, alafu mkae naye mumuulize habari za mpira. Huyu Kibadeni ukimuacha kwenye zile sita tu unamuibia, ni huyo huyo aliyeifundisha Simba ikafika fainali ya Kombe la CAF 1993 na Stella ya Abidjan, sare ya 0-0 kule kwao, tukalala 2-0 hapa nyumbani. Kuna watu wanamkumbuka kwa hiyo jioni tu, nao wana ya kusema.

Ukishaandika, rudi ukamsomee mzee. Usitume kwa WhatsApp, kaa umsomee kwa sauti. Mjomba nilimsomea Jumapili iliyopita, alisikiliza kafumba macho, kwenye raizoni akanisimamisha, nilikuwa nimeandika kisigino kiling'oka uwanjani, akasema hapana, kiling'oka Keko, nikazivua zote nikatembea peku. Nikarekebisha. Alafu akauliza mbona jina la yule jamaa yake wa Simba hujaliandika, yule aliyebaki mpaka mwisho na usiku akaja kumgongea dirisha. Nikamwambia mjomba hukunitajia. Akanitajia, akasema siku hizi anakaa Mbagala, yeye la sita aliliona. Jumamosi tunaenda wote.