Kabla hujaandika "although": mambo ya kuzingatia kwa anayejiandaa na insha ya IELTS

Watahiniwa wengi wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hukariri maneno mazito ya Kiingereza kwa miezi, kisha alama zikaenda kupotelea kwenye neno dogo kama "although". Ninaliona hili mara kwa mara katika insha ninazopewa kuzipitia, na linaniuma, kwa sababu mwandishi anakuwa na hoja nzuri kabisa ila sentensi inayoibeba imevunjika katikati. Sehemu ya kuandika ina dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza isipungue maneno 150, ya pili maneno 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili. Dakika hizo hazitoshi kujifunzia sarufi. Haya yawe yamekaa sawa kabla hujaingia chumba cha mtihani.

Anza na msimamo wako, kiunganishi kije baadaye. Viunganishi vya ukinzani, pamoja na maneno yanayofanya kazi kama yao, yaani "although", "even though", "despite", "in spite of", "however" na wenzao, hukusaidia kukubali jambo moja na papo hapo kusimamia jingine. Kishazi chenye "although" ndicho unachokikubali kwa shingo upande. Kile kinachobaki ndicho unachokisimamia. Chukua barua ya kumpendekeza mtu kazini. Mmoja anaandika, "Ingawa ni mkali, ni mwalimu mzuri." Mwingine anaandika, "Ingawa ni mwalimu mzuri, ni mkali." Maneno ni yale yale, ila kwa barua ya pili huyo mwalimu atasubiri sana kuitwa.

Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Tuseme umeulizwa unakubali kwa kiasi gani kwamba simu zipigwe marufuku shuleni, na wewe unataka ziruhusiwe. Andika: "Although phones can distract pupils, they put a library in every child's hand." Ukigeuza, ukatanguliza maktaba na kumalizia na usumbufu, msomaji atakuhesabu upande wa wanaotaka marufuku, na aya zako zote zinazofuata zitaonekana zinakupinga mwenyewe. Kigezo cha kwanza kati ya vinne vya kusahihishia kazi ya pili kinaangalia namna ulivyojibu swali, na msimamo ulio wazi ni sehemu yake. Kwa hiyo kabla hujaanza insha, jiandikie pembeni kwa Kiswahili: ninakubali hili, ninasimamia lile. Mstari mmoja unatosha.

Jambo la pili linatuhusu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Kila siku tunasema "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," na hakuna anayeshtuka. Kiingereza cha leo kinataka kiunganishi kimoja tu kwa kazi hiyo. "Although he was ill, but he came" ni kosa ambalo msahihishaji analiona kabla hajafika kwenye nukta. Bakiza "although" ufute "but", au bakiza "but" ufute "although". Wachina wanaojifunza Kiingereza nao hulifanya sana, maana lugha yao ina jozi ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo usilichukulie kama dalili ya uzito wa kichwa. Na usidhani kwamba kila neno la kusisitiza limekatazwa. Ile "bado" yetu inaruhusiwa kwa sababu "still" ni kielezi: "Although school fees were abolished in 2016, Tanzanian parents still pay for uniforms." Hiyo ni sentensi safi.

Tatu, jua kinachofuata baada ya neno unalolichagua. "Although", "though" na "even though" hufuatwa na kishazi kizima chenye mtenda na kitenzi: "although it rained". "Despite" na "in spite of" hufuatwa na nomino, au kitenzi kilichoishia na "-ing": "despite the rain", "despite losing his notes". "Despite it rained" haipo. Wala "despite of" haipo katika Kiingereza cha leo, ingawa naelewa inakotoka: "licha ya" ina "ya" yake, na mkono unataka kuitafsiri. Njia ya kukumbuka ni kwamba "in" na "of" husafiri pamoja. Ukiandika "spite", weka zote mbili. Ukiandika "despite", usiweke hata moja. Ukilazimika kuweka kishazi kizima baada ya "despite", tumia "despite the fact that", lakini mara moja tu katika insha, maana ni ndefu na inachosha.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Soma hii: "Despite studying all night, the exam defeated him." Nani alisoma usiku kucha? Kwa mpangilio huo, ni mtihani. Mtenda wa "studying" lazima awe yule anayefungua sehemu ya pili: "Despite studying all night, he failed the exam." Hili huwapata hata wanaoandika Kiingereza kizuri, na ukiliepuka mwandiko wako unapanda daraja.

"Hata kama" nayo inahitaji uangalifu, kwa sababu mara nyingi tunaitumia kwa jambo lililokwisha kutokea na kwa jambo la kudhania. Kiingereza kinayatenganisha. "Even though the fare went up, people kept using the ferry": nauli ilipanda kweli, na watu waliendelea kuvuka. "Even if the fare goes up, people will keep using the ferry": haijapanda, tunakisia. Ukichanganya hayo mawili, unatangaza kama ukweli jambo ambalo halijatokea.

Kwa "however", shughuli iko kwenye uakifishi. Neno hili haliwezi kuunganisha sentensi mbili kwa mkato peke yake. Weka nukta au nukta mkato kabla yake, na mkato baada yake: "The bus lanes are modern; however, Jangwani still floods in heavy rain." Likikaa mbele ya sifa au kielezi bila mkato, maana yake ni nyingine kabisa, ile ya "hata iwe vipi": "However cheap the fare is, some families will walk."

"Although" ikifungua sentensi, weka mkato mwisho wa kishazi chake, na usiweke nukta hapo. "Although many villages have electricity." haijakamilika, msomaji bado anasubiri. "Though" mwishoni mwa sentensi ni ya mazungumzo, iache kwa mtihani wa kuzungumza. "Albeit" na "notwithstanding" achana nazo kama hujazizoea.

Usijaze insha viunganishi pia. Aya yenye "However", kisha "Nevertheless", kisha "Despite this" huonekana imeundwa kwa orodha iliyokaririwa, na maelezo ya usahihishaji kwa alama ya 6 yanataja wazi uunganishaji wa namna hiyo, ulio kama wa mashine. Ukinzani mmoja ulio mahali pake katika aya unatosha, na aya nyingine hazihitaji hata huo.

Acha dakika tano za mwisho kwa ukaguzi. Hata ukifanyia kwenye kompyuta, hakuna programu ya kukusahihishia. Utapewa hesabu ya maneno tu. Usisome insha nzima upya. Tafuta kwa jicho kila "although" uone kama kuna "but" katika sentensi hiyo hiyo, kila "despite" uone kilichoifuata, na kila "however" uone alama iliyo mbele na nyuma yake. Ukipata muda ukabaki, rudi kwenye ule mstari wa Kiswahili ulioandika pembeni, uulinganishe na sentensi ya mwisho ya utangulizi wako.