Kupima ustahimilivu wa joto wa hemaglutinini za ndege, nguruwe na binadamu

Virusi vya influenza (mafua) vya bata hukulia kwenye utumbo wenye joto la karibu nyuzi 41 za Selsiasi. Vya binadamu kwenye njia ya juu ya hewa, nyuzi 33 hivi. Usikimbilie kusema vya bata ndivyo vinavyostahimili joto zaidi. Hemaglutinini, yaani protini ya juu ya virusi inayoshika seli, za ndege wengi hufunguka (hubadili umbo) kwenye pH ya juu, yaani asidi hafifu, kuliko za binadamu, na inayofunguka upesi kwa asidi mara nyingi hulegea upesi kwa joto pia.

Hatua ya 1: Sawazisha. Virusi vyote vikuzwe kwenye mayai, au vyote kwenye seli. Protini za majimaji ya yai hukinga virusi dhidi ya joto, hivyo ukichanganya utapima yai, si virusi. Zimua kwa bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ileile hadi vizio 64 vya hemaglutinini kwa mikrolita 50. Aina za virusi vya ndege za H5 na H7 zenye makali zishikwe kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya 3 tu.

Hatua ya 2: Pasha. Tia kwenye tyubu za PCR. Moja ibaki kwenye barafu kwa kulinganishia. Nyingine zikae kwenye mashine ya PCR, inayopasha kwa joto unalopanga, dakika 30, kuanzia nyuzi 50 kupanda hadi 64. Zikitoka, barafuni papo hapo.

Hatua ya 3: Ongeza damu. Zimua nusu kwa nusu kwenye sahani ya vishimo 96, kisha tia chembe nyekundu. Za kuku zinahitaji dakika 30, za simbilisi saa 1. Virusi vya H3N2, aina moja ya mafua ya binadamu, vya miaka ya karibuni hushika chembe za kuku kwa shida, kwa hiyo mimi huchagua simbilisi kwa virusi vyote. Kubadilisha damu katikati ya ulinganisho kunauharibu wote.

Hatua ya 4: Soma. Inamisha sahani. Chembe zisizoshikwa huchuruzika kama chozi. Zilizoshikwa hubaki zimetanda. Tofauti ya kishimo kimoja isikushughulishe, iko ndani ya makosa ya kipimo. Kuanzia viwili, rudia uhakikishe.

Nyuraminidasi, protini nyingine ya juu ya virusi, ina masharti yake ukiipima: bila kalisi husambaratika mapema. Tumia bafa ya Tris yenye kalisi, maana fosfeti huifanya kalisi igande chini.

Na usiandike kwamba virusi "vimepona" kwa kuwa bado vinashika chembe. Uwezo wa kuambukiza hupotea mapema kuliko wa kushika, kwa hiyo pima sampuli hizohizo kwenye seli hai sambamba.