Tairi la theluji si la lami ya Tanga

Ukiagiza gari la mbio lililotumika kutoka Japani, chuchumaa kwanza usome ubavu wa kila tairi kabla ya kulitia barabarani, kwa maana baadhi ya magari hayo huja na matairi ya theluji. Utayatambua kwa alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, na kwa kashata (vitalu vya mpira vinavyokanyaga barabara) zilizochanjwa mistari mingi myembamba iliyojikunja mithili ya ukili. Bonyeza kwa kucha: mpira wake huwa laini, kwani umechanganywa ili usikakamae baridi inaposhuka chini ya nyuzi joto 7 za Selsiasi, ilhali lami ya Tanga kwenda Muheza, saa nane mchana, haikanyagiki kwa mguu mtupu. Katika joto hilo tairi hulika upesi, gari huyumba kwenye kona na breki huchelewa kulisimamisha, jambo la hatari hasa kwa injini yenye nguvu. Ndugu aliyeko Uswidi ndiye anayeyahitaji. Huko sheria huyadai kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31, barabara ikiwa na theluji au barafu.

Kwa masika yetu mimi huchagua tairi la kiangazi, yaani lisilo la theluji, lenye mifereji mipana ya kutoa maji. Tazama pia tarakimu nne zinazomalizia mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 3523 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023.