Namna ya Kuchuja Aina za Maharage Zinazostahimili Joto

Kinachoyaponza maharage zaidi ni joto la usiku. Usiku wa kuchanua unapozidi nyuzijoto 20 hivi, chavua huharibika, maua hupukutika, na maganda yanayobaki huwa na punje chache. Kwa hiyo usihukumu aina kwa majani yake, maana mmea ulionawiri unaweza kumaliza msimu bila ganda la maana.

Panda jaribio kwenye ukanda wa chini, kwa mfano Morogoro katika miezi ya joto, na mbegu zilezile uzipande pia nyanda za juu, tuseme Mbeya, upate mavuno ya kulinganishia. Kila aina irudiwe angalau mara tatu katika vitalu vilivyopangwa kwa kura, na miongoni mwake iwemo inayojulikana na wakulima, kama Lyamungu 90. Ukiweza kupata maharage ya tepari, jamaa wa maharage ya kawaida kutoka maeneo makavu ya Mexico na kusini magharibi mwa Marekani, yaongeze, kwani watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha kitropiki huko Kolombia, waliyatumia kuzalisha maharage yanayohimili joto.

Mwagilia bila kukosa, la sivyo utakuwa unapima ukame ukidhani unapima joto. Kipimajoto kinachoonyesha kiwango cha juu na cha chini kikae shambani humo, kivulini, kwenye kimo cha mimea. Panda kwa awamu, kisha andika tarehe ambayo nusu ya mimea ya kila kitalu imechanua, kwa sababu aina ya muda mfupi huweza kuchanua kabla joto halijapamba moto ikaonekana shujaa bure.

Chavua ichunguzwe asubuhi na mapema. Chuma matumba yanayokaribia kufunguka, pasua vifuko vya chavua juu ya kioo, dondoshea rangi ya asetokamini, kisha tazama kwa hadubini: chembe nzima hujaa na kukolea wekundu, ilhali zilizoharibika husinyaa na kubaki karibu hazina rangi. Kipimo hiki ni kizuri kwa kupunguza orodha ndefu, lakini mwamuzi ni mavuno.

Wakati wa kuvuna, hesabu maganda kwa kila mmea na punje kwa kila ganda, pima uzito, kisha linganisha na mavuno ya aina hiyohiyo nyanda za juu. Usiangalie asilimia ya hasara peke yake, kwa kuwa aina isiyozaa popote haina cha kupoteza.