Somo: Kuchagua prosesa ya kuiboresha kompyuta ya mezani ya zamani

Mfano nitakaoutumia katika somo hili ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mashine ambayo bado naikuta chini ya meza za steshenari na ofisi ndogo, ikiwa imefunikwa vumbi lakini ingali inachapa kazi. Dell ililirudia jina hilohilo la 7010 kwa mashine mpya iliyotoka mwaka 2023, kwa hiyo anayetafuta maelezo yake mtandaoni awe macho asije akachanganya mambo. Mwenye mashine ya aina nyingine na afuate mpangilio huuhuu, ila majina ya vipuri atayatafuta mwenyewe.

Naanza na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, huwa ndiyo kifaa cha mwisho kubadilishwa, tena kinachoamua uweke ipi ni ubao mama wako, yaani bamba kubwa linalounganisha vifaa vyote, si fedha ulizo nazo mfukoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha mkosaji ni prosesa

Washa mashine, fungua programu unazozitumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili uone matumizi ya vifaa. Ukiona diski imefika asilimia 100 huku prosesa ikiwa kwenye asilimia 20 au 30, basi prosesa inasingiziwa. Diski ya kuzunguka ndiyo inayokuchelewesha, na SSD (diski isiyozunguka) ya kawaida ya SATA, yaani inayochomekwa palepale pa diski ya zamani, itakupa nafuu ambayo hakuna prosesa itakayokupa. Kama RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ndiyo iliyojaa, iongeze, na ikiwezekana weka vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja, kwa kuwa viwili husomwa sambamba.

Mwenye duka mmoja wa uchapaji aliwahi kuniletea mashine yenye Core i3-3220, RAM ya GB 4 na diski ya zamani, akisisitiza kwamba anataka prosesa yenye nguvu zaidi, i7, na si kitu kingine. Nilimwomba aniruhusu kwanza niweke SSD na GB 8 za RAM, atumie kwa wiki mbili, halafu turudi kwenye mazungumzo ya i7. Hakuyarudisha mazungumzo hayo mpaka leo.

Lakini ikiwa prosesa inakaa asilimia 90 na zaidi kwa muda mrefu wakati unahariri video, unafungua mafaili mazito ya michoro au unaendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), endelea na somo.

Hatua ya pili: utambue ubao mama

Andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, utapata jina la mashine, jina la prosesa na toleo la BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha mashine. Programu ya bure ya CPU-Z itakuongezea jina la soketi (pale prosesa inapokaa) na la chipuseti (chipu ya ubao mama inayoratibu vifaa), na haya mawili ndiyo yenye neno la mwisho.

OptiPlex 7010 ina soketi ya LGA 1155 na chipuseti ya Q77. Soketi hiyo ilihudumia vizazi viwili vya Intel: kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2011, ambacho prosesa zake huanza na namba 2 kama i7-2600, na kizazi cha tatu cha mwaka 2012, ambacho zake huanza na namba 3 kama i7-3770. Prosesa ya kizazi cha nne, kama i7-4770, hutumia LGA 1150, kwa hiyo haitakaa hata ukiibembeleza.

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Prosesa kuingia kwenye soketi si dalili kwamba itafanya kazi, kwa sababu chipuseti na BIOS navyo lazima viitambue. Zipo OptiPlex 790 na 990, zenye chipuseti za Q65 na Q67, ambazo kwa soketi ni ndugu kabisa na 7010, lakini hukomea kizazi cha pili. Ukiiweka i7-3770 humo itakaa vizuri, feni itazunguka, na kioo kitabaki cheusi.

Hatua ya tatu: chagua

Kwa 7010, uchaguzi wa maana ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Core i3-3220 ina viini viwili (sehemu zinazofanya kazi yenyewe) na nyuzi nne (mikondo ya kazi inayoweza kuendeshwa kwa wakati mmoja), na hutumia wati 55. Core i5-3470 ina viini vinne na nyuzi nne, kasi yake ikianzia gigahetsi 3.2 na kupanda hadi 3.6. Core i7-3770 ina viini vinne na nyuzi nane, kasi kati ya 3.4 na 3.9, pamoja na kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya MB 8. Hizi mbili za mwisho hutumia wati 77 kila moja.

Kutoka i3 kwenda i5 ni hatua ambayo mtumiaji wa kawaida ataihisi, kwa sababu viini halisi vinaongezeka mara mbili. Kutoka i5-3470 kwenda i7-3770 ni habari nyingine: mhasibu anayefanya kazi kwenye Excel na kivinjari hataona tofauti, ilhali anayehariri video ataiona, kwani programu hizo hujua kuzitumia nyuzi zote nane. Kama tayari una i5 na kazi yako ni ya ofisi, fedha hiyo ipeleke kwingine.

Soma pia herufi inayofuata namba. S na T ni prosesa zinazotumia umeme mdogo: i7-3770S ni ya wati 65 na i7-3770T ni ya wati 45, nazo hufaa makasha membamba ambamo joto halina pa kutokea. K maana yake ni kwamba kasi inaweza kupandishwa kwa mkono, lakini chipuseti ya Q77 hairuhusu jambo hilo, hivyo usilipe zaidi kwa ajili ya K. P, kama kwenye i5-3350P, ni onyo: haina sehemu ya picha ndani yake, na bila kadi ya picha hutaona chochote kwenye kioo.

Hatua ya nne: kununua

Prosesa za umri huu hupatikana zikiwa zimetumika, na hilo lisikutishe, kwa maana prosesa ni kifaa kinachodumu kuliko diski au feni. Soma maandishi yaliyochongwa juu ya bamba lake la chuma. i7-3770 huwa na alama ya SR0PK na i5-3470 huwa na SR0T8. Ukikuta maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba ni siri ya Intel, hiyo ni prosesa ya majaribio ambayo haikukusudiwa kuuzwa, iache. Geuza upande wa chini uangalie kama vitufe vya dhahabu ni safi, kisha mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Akikataa, rudi na fedha zako.

Hatua ya tano: BIOS

OptiPlex 7010 ilitoka kiwandani ikiwa inakifahamu kizazi cha tatu, kwa hiyo kuipandisha BIOS si lazima. Kwa mashine nyingine, hasa zenye chipuseti ya H61, inaweza kuwa lazima, na hufanywa kabla prosesa ya zamani haijatolewa. Usiifanye bila betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mama unaweza kufa papo hapo.

Hatua ya sita: kubadilisha

Tumia mashine kwa dakika kumi ili grisi ya joto ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki ndani. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Chomoa waya wa feni, legeza skrubu nne za kipoza joto kidogo kidogo kwa kukingamisha pembe, ukinyanyue kwa kukizungusha taratibu bila kukivuta kwa nguvu.

Inua wenzo wa soketi, fungua kifuniko, toa prosesa ya zamani ukiishika kingoni. Sasa tulia. Katika soketi za LGA pini ziko kwenye ubao mama, si chini ya prosesa, nazo ni laini kuliko unavyofikiri. Miaka iliyopita niliangusha bisibisi ndogo juu ya soketi iliyokuwa wazi, pini tatu zikalala. Nilitumia sindano, lenzi na jioni nzima kuzinyanyua, na mashine ikawaka, lakini nusu ya RAM haikuonekana tena. Tangu siku hiyo, nikifungua soketi, bisibisi zote huziweka sakafuni.

Linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya kwenye soketi, hakikisha vipengo viwili vya pembeni mwa prosesa vimeingiana na vinundu vya soketi, kisha iache prosesa ikae kwa uzito wake mwenyewe. Funga wenzo, ambao hukaza kidogo, na hilo ni la kawaida. Futa grisi ya zamani kwenye kipoza joto kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti, weka grisi mpya ya ukubwa wa punje ya choroko katikati ya prosesa, rudisha kipoza joto na ukaze skrubu kwa kukingamisha. Usisahau waya wa feni.

Hatua ya saba: kupima

Bonyeza F2 mashine inapowaka, uone kama BIOS imeitaja prosesa mpya. Kisha ipe kazi nzito kwa nusu saa ukiangalia joto kwa programu ya HWMonitor. Mimi huridhika likiwa chini ya nyuzi joto 80. Likipita hapo, kwa kawaida kosa liko kwenye grisi au kwenye skrubu ambayo haikukazwa sawasawa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Nina HP Compaq 8200 Elite, nimenunua i7-3770 na mashine inalia bila kuonyesha kitu. Je, prosesa ni mbovu?*

Huenda ni nzima kabisa. Mashine yako ina chipuseti ya Q67, ambayo hukomea kizazi cha pili. Rudisha prosesa ya zamani uone kama inawaka, kisha mwombe muuzaji abadilishane nawe kwa i7-2600. Kumbuka tu kwamba hiyo hutumia wati 95, kwa hiyo safisha kipoza joto vizuri.

*Je, nikibadilisha prosesa nitalazimika kuweka Windows upya?*

Hapana. Leseni ya Windows hufungamanishwa zaidi na ubao mama, na ubao mama wako haujabadilika. Itakapowaka mara ya kwanza inaweza kuchukua muda kidogo ikijipanga, iache imalize kazi yake.

*Nimeona Xeon E3-1230 v2, prosesa ya Intel ya seva, kwa bei nafuu kuliko i7. Kuna tatizo gani?*

Kwa nguvu zinakaribiana, kwani nayo ina viini vinne na nyuzi nane. Tatizo ni kwamba Xeon za kundi hilo zinazoishia na 0 hazina sehemu ya picha. Ukishanunua na kadi ya picha, unafuu wote unakuwa umekwisha.

*Kaka, mimi nina mashine ya kizazi cha sita yenye LGA 1151. Kwa kuwa i5-8400 nayo ni LGA 1151, naweza kuiweka?*

Namba ya pini ni ileile, lakini Intel ilibadilisha mpangilio wa baadhi ya pini kuanzia kizazi cha nane, na chipuseti za zamani haziitambui. Kikomo chako ni kizazi cha saba, kwa mfano i7-7700, baada ya kuhakikisha BIOS ya mashine yako inakikubali.

*Nikiweka i7-3770 nitaweza kupata Windows 11? Duka langu linatumia programu ya mauzo na nasikia Windows 10 imeachwa.*

Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Hakuna prosesa yoyote ya LGA 1155 itakayokufikisha hapo. Ikiwa hilo ndilo lengo lako, usinunue i7. Iuze mashine ungali unapata mnunuzi, na fedha ya prosesa uiongezee kwenye mashine ya kizazi cha nane. Kabla hujaiuza, toa SSD yako: mashine nyingi za kizazi hicho bado zina nafasi ya SATA, utaitumia tena.